Gari la Kimarekani Lililoziba Lango Letu

Nilifungua mlango wa lile gari, nikamketisha binti yangu kwenye kiti cha ngozi, nikaufunga kwa kishindo. Mwenye ploti tunayopanga alikuwa amesimama na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Alikuwa ametoka tu kuniambia, "Mama, mbebe upande ule mwingine. Viatu vyake vitakwaruza rangi."

Viatu vyake! Binti yangu ana miaka saba na hajawahi kutembea. Viatu vyake havijawahi kukwaruza kitu chochote duniani.

"Basi atakaa humu," nikamwambia. "Mpaka gari litoke au kiti chake cha magurudumu kipite. Chagua."

Gari lenyewe lilikuwa zuri, sitadanganya. Refu, rangi ya maziwa, taa kubwa kama sufuria za harusi, paa la turubai linalokunjwa nyuma. Lilitengenezwa Marekani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na ni moja ya magari ya tajiri fulani wa upande wa Nanyuki anayekusanya ya zamani. Alikuwa akienda nalo Marsabit na wenzake, likamfia hapa Isiolo. Mwenye ploti akajitolea kulihifadhi kwetu Bulla Pesa mpaka spea ifike kutoka ng'ambo. Anapenda kuonekana ni mtu anayeaminiwa na matajiri. Wakalishusha langoni, chini ya paa la mabati, na magurudumu ya nyuma yakakwama palepale. Fundi akasema lisisukumwe.

Mtu mzima alipita kwa ubavu. Kiti cha binti yangu hakikupita. Basi kila asubuhi nilimbeba mgongoni hadi shuleni, kiti kikabaki ndani, naye huko akawekwa kwenye mkeka. Bila kiti mgongo wake haukai wima. Anaegemea, anateleza, kalamu inaanguka. Jana yake mwalimu alikuwa ameniambia, kwa upole, kwamba afadhali mtoto abaki nyumbani mpaka kiti kipatikane. Nyumbani! Nilikuwa nimehangaika sana kumpatia nafasi ile.

Ndiyo maana nilipiga kelele hadi watu wakatoka. Wa kwanza alikuwa Akko, bibi wa nyumba ya kwanza, ambaye amefuga ng'ombe Merti maisha yake yote kabla ya kuja mjini.

"Imeanguka?" akauliza, akilitazama gari.

"Imeanguka, Akko. Haiamki."

"Sasa mnangoja nini?"

Sisi Waborana tunajua. Wakati wa ukame ng'ombe aliyelala chini kwa udhaifu hawezi kuamka peke yake. Majirani wanakuja, wanapitisha miti chini ya tumbo, mmoja anashika mkia, wanamwinua. Hakuna anayeuliza mwenyewe yuko wapi. Asubuhi akilala tena, wanakuja tena.

Akko alituma watu wakachukue miti kwenye nyumba inayojengwa jirani. Muuza miraa, Mmeru, akaacha meza yake. Wakaja vijana wa boda boda, na akina mama wa Kiturkana wanaouza makaa. Nilitaka kumtoa binti yangu, lakini alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anacheka.

"Mwache," Akko akasema. "Kwani ana uzito gani?"

"Jamani, hii ni mali ya mtu!" mwenye ploti akalia.

"Hata ng'ombe ni mali ya mtu. Shika, au toka hapo."

Hakushika. Alitoa simu akaanza kumpigia fundi.

"Akko," kijana mmoja wa boda akauliza akiwa ameinama nyuma, "mkia ndio hili bomba la moshi?"

"Shika chochote. Na usikamue!"

Walicheka hadi wakaishiwa nguvu, ikabidi waanze upya. Akko akaita kama anavyoita ng'ombe, wakainua nyuma, wakasogeza. Wakaja mbele, wakasogeza. Nyuma tena. Lile gari liliingia uani kwa vipande vidogo vidogo, mpaka chini ya kamba za nguo, bila kukwaruzwa popote. Na mwanangu alikuwa ndani yake, amebebwa na ploti nzima. Miaka saba nimembeba peke yangu. Sikujua kwamba ningeweza tu kuita. Nilishukuru pale, nashukuru mpaka leo, na makaa sinunui kwingine.

Asubuhi hiyohiyo alikwenda shuleni kwenye kiti chake.

Jioni mwenye ploti akatangaza kwamba fundi atakuja kulirudisha langoni, kwa sababu jua litaharibu rangi. Sikugombana naye. Kesho yake nilikwenda ofisi ya chifu. Karani aliposikia nataka pia kuwashukuru majirani, aliniambia kwamba shukrani haziandikwi kwenye malalamiko. Nikamwambia haya ni yangu, aandike ninavyosema. Akaandika:

"Mimi, mpangaji wa nyumba ya nyuma, nalalamika kwamba mwenye ploti aliziba lango kwa gari na anataka kuliziba tena. Lango hilo ndilo njia ya mtoto wangu ya kwenda shule, kwa kiti cha magurudumu. Simlalamikii mwenye gari, maana hajui kinachoendelea. Nawashukuru majirani walioliinua. Kama kuna kosa katika kuliinua, nishtakiwe mimi niliyewaita. Naomba mwenye ploti aamriwe, kwa maandishi, asiweke kitu chochote langoni."