Sukari ya Mama

Miaka ile ukimwi ulipoingia, mtu akikonda pale Kagondo, hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Mama alianza kukonda muda si mrefu baada ya kumzika baba, basi majirani wakajua. Shangazi, dada wa baba, akaja kukagua mipaka ya kibanja, eti anatazama kama migomba ina ugonjwa. Migomba ilikuwa mizima.

Nisiwasingizie, walimpenda. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, wakamletea omuramba, ile juisi ya ndizi ambayo bado haijawa pombe, tamu kupindukia. Mama alikuwa na kiu isiyoisha. Akanywa, akakojoa, akazidi kukonda, wakaleta nyingine. Mimi ndiye niliyemshikia kibuyu.

Alipoanza kuhema na kuongea visivyoeleweka, shangazi alisema tumwache afie kwake.

"Shangazi, kufa utakufa wewe!" nikamwambia.

Ni utovu wa adabu, lakini wanaume waliokuwapo waliona haya, wakatafuta machela.

Hospitalini daktari alimnusa pumzi, akapima mkojo, akasema ni kisukari. Akanieleza: nyuma ya tumbo kuna kongosho, nalo hutoa insulini. Insulini ndiyo huifungulia sukari mlango itoke kwenye damu, iingie kwenye nyama za mwili. Ya mama ilikuwa imekwisha. Sukari ikarundikana kwenye damu, nyingine ikatoka na mkojo, mwili ukaanza kula mafuta yake wenyewe. Yaani mama alikuwa akifa njaa na omuramba wote ule ndani. Nililia kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani.

Tulirudi na sindano. Chupa ya insulini tukaiweka kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi. Mama akanenepa, na watu wakaanza kuja tena.

Wa kwanza alikuwa jirani aliyekuwa ameacha kutusalimia. Binti yake alikuwa amerudi kutoka visiwa vya wavuvi huko ziwani, amekonda, mdomo umejaa vidonda. Alibeba mkojo wa binti kwenye chupa.

"Dada, nitazamie. Labda na huyu wangu ni sukari."

Mama hakuwa na kipimo. Akamwambia mkojo wenye sukari huvuta sisimizi. Wakaumimina kwenye jiwe, karibu na njia ya sisimizi, wakaketi. Sisimizi wakafika pale, wakauzunguka, wakaendelea na safari yao.

"Tungoje kidogo," jirani akasema. "Bado hawajaunusa vizuri."

Mama akasema sawa, tungoje.