Geti la Ndiyo na Geti la Hapana

Siku yangu ya kwanza kwenye lindo la Observatory, mtaa wa Johannesburg, mwaka 2015, niliingia kazini na viatu vya kuazima, vimenibana kidole gumba mpaka natembea kama bata. Nawaambia hili kwanza nyinyi vijana mnaoshika malindo leo, kwa sababu mlinzi husimama kuliko anavyokaa, na kosa la viatu mimi nililifanya nikiwa mzee mzima, siyo mgeni wa kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshalinda ghorofa za Hillbrow, ambako lifti ikiharibika unakuwa mlinzi na mbeba mizigo kwa pamoja. Nikalinda na duka la vitambaa Mayfair, la Msomali mmoja mpole ambaye hakuwahi kuninyima nafasi ya kwenda kusali. Shule niliishia darasa la tatu, Tanga. Kwa hiyo mkikuta nimezunguka sana, nivumilieni, nitarudi barabarani.

Pale Observatory palikuwa makazi ya wazee. Nyumba ndogondogo zimepangwa kwenye mteremko wa kilima, ukuta mmoja, mageti mawili. Geti kubwa la magari, linateleza kwenye reli. Geti dogo la waendao kwa miguu, la chuma, jembamba, lina kizingiti cha saruji ambacho kila mgeni lazima ajikwae.

Aliyenipokea ni Inspekta wa kampuni yetu ya ulinzi, Mkongomani wa Lubumbashi. Kwa cheo mkubwa wangu, kwa umri angeweza kuwa mwanangu.

"Muzee," akaniambia, "hapa hatuna bunduki, hatuna mbwa. Silaha yako ni hiki kitabu. Kila kitu kinapita, unaandika. Paka akipita, andika paka."

"Na paka akirudi?"

"Andika paka amerudi. Weye unataka niseme nini?"

Hicho ndicho kitabu cha matukio. Ukimaliza zamu, unakabidhiana lindo na mwenzako: mnasoma kitabu pamoja, mnahesabu funguo, mnasaini wote wawili. Lakini kazi kubwa zaidi ni kujua saa yoyote ni watu wangapi wako ndani, maana moto ukiwaka mtu wa zimamoto anakuuliza hilo kwanza. Mimi nilihesabu kwa njiti za kiberiti. Mtu akitoka, njiti moja inahama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Akirudi, na njiti inarudi. Mnyapara wangu wa Hillbrow ndiye aliyenifundisha, na sijapata kukosea hata mara moja. Wenzangu walinicheka, basi wakacheka.

Nje ya kibanda changu palikuwa na benchi, na benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Wa kwanza Mista Walter, Mwingereza mrefu, amefanya kazi maisha yake yote London kwenye chama cha siasa cha wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa kuwakimbiza wabunge waingie kupiga kura, hata kama mtu yuko chooni. Wa pili Missis Agnes, mjane, Mwingereza pia, mhafidhina toka kichwani hadi unyayoni. Walikaa pale kila asubuhi na magazeti ya kwao, wakigombana. Nikadhani wanachukiana. Baada ya mwezi nikagundua kwamba mmoja akiumwa, mwenzake hali chakula.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya bunge la juu la kwao, baraza la malodi. Nilikuwa sijui kama lipo. Mista Walter akanieleza kwamba kule kuna bunge la chini, linachaguliwa na watu, halafu kuna la juu ambalo hakuna aliyelichagua. Wengi wanateuliwa na wanakaa mpaka wafe, wengine ni maaskofu, na wachache wapo kwa sababu tu baba zao walikuwa malodi.

"Akifa mmoja wa hao wachache," akaniambia, "wenzake wanapiga kura kumpata mwingine wa ukoo kama wao. Juzi wagombea walikuwa wengi kuliko wapiga kura."

"Eish," nikasema. "Na mnakubali?"

"Muulize huyu."

Missis Agnes hakuinua macho kwenye gazeti. "Bakari, mtu asiyetafuta kura anaweza kusema ukweli. Hawa wa chini wakisema neno, wanageuka kwanza kuangalia nani anapiga makofi. Halafu chama cha Walter kinaahidi kulivunja baraza kila kikiwa nje ya serikali. Kikiingia ndani, kinapeleka marafiki zake wakakae humo humo."

"Na chama chako?" akauliza Mista Walter.

"Sisi tunapeleka marafiki bila kuahidi kuvunja. Huo ndio uaminifu."

Nilicheka mpaka nikasahau kulifungulia gari geti. Mwaka uliofuata Waingereza wakapiga kura ya kujitoa Ulaya, na malodi wakawa wanarudisha miswada chini ikarekebishwe. Hapo chama kilichowatetea jana kikawalaani, na kilichowalaani kikawaona wana busara. Mista Walter mwenyewe aliwasifia wiki nzima, na Missis Agnes akamwandikia tarehe kwenye karatasi ili asije akakana.

Sasa narudi kwenye lindo. Makazi yale nayo yalikuwa na bunge la chini na la juu. Kamati ya wakazi ilichaguliwa kila mwaka. Juu yake kulikuwa na Baraza la Waasisi, watu wa familia tano za mwanzo, wanakaa maisha, wakifa kiti kinakwenda kwa watoto wao, hata mtoto anayeishi Cape Town. Kamati ikiamua jambo, Baraza linaweza kulikataa, na limekwisha. Missis Agnes alikuwa mmoja wa hao waasisi.

Mwaka 2018 Baraza likaamua walinzi waondoke. Watu wa kamera wangekaa mbali huko, wangeangalia kwenye kioo, wangefungua geti kwa kubonyeza. Kamati ikakataa, wakazi wakaandika barua, Baraza likasema limeshaamua. Tulikuwa walinzi wanne. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu kwa heshima, na mzee wa umri wangu akifukuzwa Johannesburg haajiriwi tena popote.

Missis Agnes aliniambia mwenyewe, bila kunizunguka. Wakati huo alikuwa ameshaanguka, anatembelea kiti cha magurudumu.

"Bakari, nakupenda. Lakini geti la mashine haliugui na halisinzii."

"Na halikusukumi kupanda mlima, Missis."

"Hilo kweli," akasema. Kura yake lakini hakuigeuza.

Mista Walter hakulala juu ya jambo hilo. Akawapa wakazi hoja ya kupiga kura: Baraza liwe na uwezo wa kuchelewesha uamuzi wa Kamati kwa mwezi mmoja tu, siyo kuuzuia, na viti vyake vichaguliwe. Tabu ilikuwa karatasi. Wazee wengi, siku ya kuhamia, walitia saini fomu bila kuisoma, wakawapa waasisi haki ya kupiga kura kwa niaba yao. Ukipiga kwa karatasi, Baraza limeshashinda kabla ya kuamka. Lakini katiba yao ilisema inabadilishwa na mkutano wa wakazi wote, na mkutano ndio unaoamua namna ya kupiga kura, na mkutano ukakubali namna ya Mista Walter.

"Kwetu malodi wanapiga kura kwa miguu," akawaambia. "Wanaokubali wanapita upande huu, wanaokataa upande ule, na watu wanasimama wanawahesabu. Hakuna anayeweza kutembea kwa niaba ya mwenzake. Sisi tuna mageti mawili."

Mwenyekiti wa Baraza, mtu wa tai na maneno machache, akakubali kwa sharti achague yeye mageti. Akachagua geti dogo liwe la Hapana, kubwa liwe la Ndiyo. Hesabu yake niliiona papo hapo: geti dogo lilikuwa karibu na viti vya mkutano, na mzee aliyechoka ataliendea lililo karibu. Kitu kimoja alikisahau. Kiti cha Missis Agnes hakipiti kwenye geti dogo. Nimelifungua na kulifunga miaka mitatu, najua upana wake kama ninavyojua mfuko wangu. Nikanyamaza. Nasema kweli yangu, nilinyamaza makusudi.

Nani ahesabu? Watu wakataja jina langu. Mwenyekiti akasimama. "Huyu kazi yake ndiyo inayopigiwa kura."

Missis Agnes akajibu yeye, siyo mimi. "Basi mweke kwenye geti letu. Kule kwetu kila mlango huwa na macho ya upande wa pili. Akipunguza kura zetu tutamwona. Na wewe nenda kahesabu za kwao."

Jumamosi asubuhi, jua zuri, wazee wakaanza kutembea. Wenye fimbo, wenye kushikwa mkono, bibi mmoja wa Soweto akiimba taratibu. Madereva wakipita barabarani wanapunguza mwendo kuangalia kuna nini. Inspekta alikuwa amekuja, amesimama nyuma yangu. Kila anayepita geti dogo, njiti moja inahama, na kila njiti nilihisi inanichoma. Mstari ulikuwa mrefu kuliko nilivyotegemea.

Wa mwisho alikuwa Missis Agnes. Akafika, gurudumu likagonga chuma, akarudi nyuma, akajaribu kwa pembe, halikupita. Watu wa Ndiyo walioko nje wakaanza kucheka.

"Pita geti kubwa, Agnes, liko wazi," mmoja akamwita.

"Asiyepita hahesabiwi," mwingine akasema. "Ndiyo sheria."

Mista Walter alikuwa miongoni mwao. Hakucheka, lakini aligeuza macho barabarani, na yeye alijua kura zinavyokaribiana.

Missis Agnes hakumwomba mtu. Alikaa tu, ameshika magurudumu, uso umekuwa mwekundu. Nimemsukuma yule mama mteremko ule mara ngapi, na sijapata kumwona ameona haya. Nikaweka kitabu chini.

"Missis, nishike shingoni."

Inspekta akaninong'oneza, "Muzee, unabeba kufukuzwa kwako mwenyewe."

"Nimekusikia," nikamwambia. "Kamata kiti wewe, kikunje ukipitishe."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaruka kizingiti, nikamvusha geti la Hapana, nikamketisha kwenye kiti upande wa pili, kisha nikahamisha njiti yake mbele ya macho yake.

Tukamwaga hesabu. Geti dogo, mimi: thelathini na tisa. Geti kubwa, Mwenyekiti kwa mkono wake mwenyewe: arobaini na moja. Tumeshinda kwa watu wawili. Wazee wakapiga makofi, yule bibi wa Soweto akapandisha wimbo.

Mwenyekiti akainua mkono. "Siitambui hesabu hii. Mlinzi alikuwa na sababu ya kupunguza kura zetu. Turudie kwa karatasi."

 Hapo ndipo Missis Agnes alipozungusha kiti chake akamtazama.

"Alikuwa na sababu ya kuniacha pale kama gunia," akasema. "Amenibeba mikononi nikapige kura ya kumfukuza kazi. Unataka hesabu safi kuliko hiyo uipate wapi? Tumeshindwa. Kaa chini."

Akakaa.

Vijana wangu, nimeishi mji huu muda mrefu na sijapata asubuhi kama ile. Waingereza wanabishana juu ya baraza lao la malodi zaidi ya miaka mia, na wakati naandika haya bado wanabishana. Sisi, wazee wa kilimani na walinzi wanne, tulimaliza la kwetu kabla ya chakula cha mchana. Inspekta alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema neno moja tu la mjini la kusifu, "Sharp, Muzee," akaenda zake akipenga kamasi.

Baada ya wiki mbili viti vya Baraza vikatangazwa kugombewa. Missis Agnes akaja kibandani peke yake.

"Bakari, mtu anaombaje kura?"

"Unagonga mlango, Missis. Unataja jina lako, unasema unachotaka."

"Jina langu wanalijua."

"Unachotaka hawakijui. Hujawahi kuwaambia."

Nilimsukuma nyumba kwa nyumba wakati wangu wa mapumziko. Akapata kura nyingi kuliko mgombea yeyote. Mista Walter alikaa kwenye benchi ameinama. "Nimepambana na wahafidhina maisha yangu yote," akaniambia, "na leo nimempigia mmoja kura. Usiandike kwenye kitabu chako." Nikaandika.

Nilistaafu mwaka 2019, kwa siku yangu, siyo kwa siku ya mtu mwingine. Nikakabidhi lindo kwa dada mmoja wa Bukavu, hodari, anayehesabu kichwani bila njiti, na nafasi zote nne za walinzi zilikuwa na watu. Katika kazi hii mtakutana na wakubwa wengi wa vyeo vikubwa. Mkishika lindo, mhesabuni hata asiyewapenda, na mvusheni. Mimi sina somo jingine, na hilo nililipata nikiwa nimeshachelewa, nikiwa na hofu, na nusura nisilifanye.

Barua ya kuniaga ilisainiwa na Missis Agnes. Waasisi zamani walikuwa wakisaini jina, halafu chini yake neno moja: mwasisi. Yangu aliileta mwenyewe, ameishika magotini, akaningoja niisome polepole mpaka mwisho. Chini ya jina lake aliandika kwa kalamu: amechaguliwa.