Kimea na Maziwa Yangu
Maziwa yangu yalikauka mtoto akiwa na miezi minane, baada ya homa iliyonilaza wodini. Uji mzito aliutema. Mwepesi aliunywa, lakini ulikuwa maji matupu, na muuguzi wa kliniki aliniambia uzito ukishuka tena atalazwa yeye.

Mama mkwe akaja kwetu Pasiansi na ulezi wake kutoka Misungwi. Tuliuloweka, tukautandaza kwenye kitambaa kibichi, tukasubiri uote. Mimi si mtu wa kusubiri. Kila nikirudi kutoka kufundisha baiolojia nilikifunua kitambaa, naye akinikemea: "Mwalimu, ziache punje zipate joto."

Nikaona heri nimfundishe yeye. Nilimwambia kwamba ndani ya punje kuna seli zinazotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, lakini wanga wenyewe uko nje ya seli hizo. Kwa hiyo kimeng'enya huanza na kipande kifupi, peptidi ishara, kama anwani iliyobandikwa kwenye mzigo. Seli ikikitambua kipande hicho, hukipitisha kimeng'enya kwenye vyumba vyake vya utando, kisha vifuko vidogo hukibeba hadi nje. Kipande kisipokuwepo, kimeng'enya hubaki ndani na wanga hauguswi.

"Na hiyo anwani?"

"Hukatwa pale pale mlangoni, mama. Kazi yake imekwisha."

"Maskini," alisema, akaendelea kupepeta ulezi uliobaki.

Sikumwambia kwamba protini za maziwa ya mama nazo hutolewa kwa kipande cha namna hiyo. Darasani mimi huyasema hayo bila kusita.

Ulezi ulipoota tuliuanika, tukasugua vimizizi, tukausaga. Nilipika uji mzito, nikauacha upungue moto ili kimeng'enya kisife, nikatia kijiko cha kimea, yaani unga ule wa ulezi ulioota. Nilikoroga nimekunja uso. Uji ukalegea mpaka ukamiminika. Tukauchemsha tena, ukapoa, na mtoto akamaliza kikombe kizima.

Nilifurahi. Na niliona wivu. Punje kavu za gunia zilikuwa zimemfaa mwanangu pale mwili wangu uliposhindwa.

Aliposhiba aligeuka, akaanza kulitafuta ziwa langu. Nikataka kumwondoa.

"Mwache, mwalimu," mama mkwe alisema. "Ameshashiba huyo. Sasa anakutaka wewe tu."