Gumegume ya Mashoto Ng'ambo ya Mlima

Shangazi Nedra alinipigia simu kabla sijavaa viatu.

"Umeamka? Washa gari. Nimeipata."

Sikuuliza amepata nini. Katika ukoo wetu wa Swigart kila mtu anajua kitu ambacho shangazi amekuwa akikitafuta tangu mimi ni mtoto wa shule: gumegume, bunduki ya zamani ya jiwe la cheche, iliyotengenezwa kwa mtu wa mkono wa kushoto.

Kwetu Pennsylvania, Krismasi ikipita, wenye bunduki za kisasa huwa wameshazifungia kabatini, na msitu unabaki kwa sisi wa gumegume. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani ubavuni mwa bunduki, na moto unapenya tundu dogo hadi kwenye baruti iliyo ndani ya mtutu. Kisahani hicho kiko ubavu wa kulia, kwa kuwa waliozitengeneza waliwafikiria watu wa mkono wa kulia. Shangazi ni mashoto. Akiweka shavu kwenye kitako, kisahani kinakuwa mbele ya pua yake, na moto wote ni wake. Shavuni ana vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga, na havitoki kwa sabuni yoyote. Alijaribu kujifunza bega la kulia, lakini jicho lake la kulia halikukubali. Kwa hiyo miaka yote, jiwe likianguka tu, yeye hufumba macho na kugeuza uso, na risasi inakwenda inakotaka.

Katika kambi yetu ya uwindaji, mtu akimkosa kulungu, tunakata mkia wa shati lake na kuugongomelea ukutani pamoja na jina lake. Mwenye mkasi ni baba mdogo Clair. Ukuta wa kaskazini karibu wote ni wa shangazi.

"Dada, mwaka huu vaa shati refu," baba mdogo alimwambia kwenye karamu ya Siku ya Shukrani, mwezi Novemba, mdomo umejaa. "Nataka kuziba ule ufa wa dirishani."

"Nitavaa la kwako."

"La kwangu halikutoshi. Na halijazoea kukosa."

Shangazi alicheka pamoja na wote mezani. Huwa anacheka. Ni mwanamke mpana, asiye na mume, anayeendesha basi la shule katika barabara za mlimani ambazo wanaume wengi huzikataa wakati wa barafu. Kwa bunduki ya kawaida ameshaua kulungu wengi, lakini hajivunii hata mmoja. "Ile ni kama kwenda kununua nyama dukani," husema. Anachotaka ni gumegume, theluji, na kulungu mmoja atakayempata huku macho yake yako wazi. Mimi nimesoma, nimekaa mijini, nimerudi, na sijawahi kutaka kitu chochote kwa muda mrefu kiasi hicho. Labda ndiyo maana niliwasha gari mara moja.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye duka la chakula cha mifugo, kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono wa mtu mzima. Mwenye bunduki, Harlan Zeiders, alikuwa amefariki, na mjane wake anaishi ng'ambo ya mlima Tuscarora. Shangazi alikuwa ameshampigia.

"Kuna bwana mmoja wa Lancaster anakuja adhuhuri," aliniambia tukipanda mlima. "Anakusanya bunduki. Anazitundika juu ya meko ya sebuleni, wageni wake waziangalie wakinywa divai. Kanyaga mafuta."

"Shangazi, kuna barafu."

"Mimi hupita hapa na watoto arobaini wanaopiga kelele. Kanyaga."

Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili kama anayesukuma gari. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anaomba Mungu, kumbe anahesabu kona.

Bi Lovina Zeiders alitufungulia akiwa na aproni, mwanamke mdogo wa mwili, nywele nyeupe kaziviringa kisogoni. Jikoni kulikuwa na pai ya molasi na mayai mekundu yaliyolala kwenye siki ya bitiruti.

"Kaeni mle kwanza," alisema.

"Bi Lovina, nitakula kuta za nyumba ukitaka," shangazi akasema, "lakini nikiisha kuiona. Sasa hivi hata mate hayapiti."

Mjane akatabasamu kidogo. Akaenda kwenye kibaraza cha nyuma, kile kisichopashwa joto, akarudi na kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka la flaneli. Akalifungua juu ya meza.

Kitako kilikuwa cha mepo, mti mgumu wenye mawimbi kwenye mbao zake, kimepauka pale ambapo shavu la mtu lilikaa kwa miaka. Mtambo, jiwe na kisahani vilikuwa vyote ubavu wa kushoto. Shangazi aliinua bunduki polepole, akaiweka begani, akalaza shavu. Mbele ya uso wake hapakuwa na kitu, ila mbao laini na dirisha na theluji.

"Imekaa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeko kanisani.

Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa kwetu hulifanya kabla ya kununua. Akachomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia, akauachia udondoke ndani ya mtutu. Mtutu mtupu hulia kama kengele. Huu haukulia. Ulitoa mlio mzito, kama kidole kilichogonga mlango, na mdeki ukabaki umechomoza kiganja kizima. Shangazi akainama kuutazama. Kwenye ufito palikuwa na alama ya kisu, na alama hiyo ilikuwa sawasawa na mdomo wa mtutu.

Akaiweka mezani taratibu, mtutu ukiwa umeelekea ukutani.

"Bi Lovina, hii ina risasi."

"Haiwezekani. Harlan hakuwa mzembe."

"Si uzembe. Sote tunafanya hivyo. Jioni unafuta baruti ya kisahani, na kwa sheria bunduki inahesabiwa tupu, hata kama ndani imeshiba. Unaiacha baridini, unaendelea nayo siku inayofuata. Alama hii aliikata mwenyewe. Inaonyesha kipimo chake kikiwa ndani. Kimekaa pale pale."

Mjane alivuta kiti akakaa. Alikuwa anatazama alama ile.

"Alirudi Jumamosi analalamika kifua," alisema. "Jumapili watu hawawindi. Akasema Jumatatu atarudi, amemwona dume mkubwa kule juu. Jumatatu tulikuwa tunachagua jeneza."

Bi Lovina akaanza kukunja shuka juu ya bunduki, upande huu, upande ule, kama anayemfunika mtoto. "Basi siuzi. Nisameheni kwa safari. Ameitia kwa mkono wake. Siuzi."

Niliona uso wa shangazi ukipauka, vile vidoa vikazidi kuwa vyeusi. Kitu alichokitafuta nusu ya umri wake kilikuwa kinaingia kwenye shuka. Nilidhani atabembeleza. Ningekuwa mimi, ningebembeleza.

"Sikulaumu," alisema. "Ningefanya hivyo hivyo. Lakini usiiache hivi. Baruti inavuta unyevu, inakula chuma. Mwaka mwingine mmoja, mtutu utaharibika. Nipe nitoe risasi na baruti kwa skrubu, nikusafishie, nikupake mafuta, halafu ubaki nayo. Mafuta ninayo garini."

"Hiyo baruti utaipeleka wapi?"

"Nitaimwaga kwenye theluji."

Bi Lovina alifikiri. Ilionekana wazi hakulipenda wazo la theluji.

"Aliitia kwa ajili ya kulungu," alisema.

"Ndiyo."

"Italipuka bado?"

"Sijui. Imekaa tangu Januari. Labda ndiyo, labda imeshakuwa uji."

"Basi kaipige. Mimi siiwezi, mkono wangu ni wa kulia, na nakiogopa hicho kitu tangu niolewe. Nitasimama nikuone."

Tulikwenda nyuma ya ghala, kwenye kilima cha udongo. Nilitundika kifuniko cha kopo la rangi kwenye nguzo, nikarudi haraka. Shangazi akatia baruti laini kwenye kisahani, akavuta jiwe, akaweka shavu.

Jiwe likaanguka. Moto ukaruka kutoka kwenye kisahani, moshi mweupe ukapanda, basi. Ndani hakukujibu kitu.

Lakini shangazi hakuwa ametikisika. Alikuwa bado amesimama na jicho kwenye shabaha, halafu akageuka kututazama, amepigwa na butwaa kuliko sisi.

"Mmeona? Haukunigusa. Umelipuka kule, mimi niko huku."

"Hata kope hukupepesa," nilimwambia.

"Kumbe ndivyo wenzangu wanavyoishi."

Alichokonoa tundu kwa waya mwembamba, akatia baruti tena. Mjane alikuwa amekunja mikono ndani ya aproni. Jiwe likaanguka, kisahani kikawaka, kikasema fsss, kikanyamaza. Pumzi moja nzima ilipita. Mtu mwingine angeshusha bunduki. Shangazi wa jana angekuwa ameshageuza uso. Mtutu ulibaki umetulia kama umelazwa juu ya ukuta.

Kisha ikalia, na ghala likaitikia, na kifuniko kikazunguka mara kadhaa kwenye msumari wake na kutulia kikiwa na tundu.

Moshi ulishuka ukatufunika, ule moshi mzito unaonuka yai viza. Bi Lovina hakurudi nyuma. Alipiga hatua ndani yake, akasimama, akavuta pumzi.

"Kila Januari alikuwa ananuka hivi," alisema. "Nilikuwa namfukuza akavulie koti nje."

Tulimwacha pale mpaka moshi ukaisha. Akajifuta macho kwa aproni, akaenda moja kwa moja jikoni, na kupitia mlango uliokuwa wazi tukamsikia kwenye simu. "Bwana, wewe unatumia bega gani? La kulia? Basi usijisumbue na barafu." Akakata.

Shangazi alilipa bei iliyoandikwa kwenye tangazo, na hakuna aliyesema zaidi juu ya hilo.

"Nina sharti," mjane akamwambia. "Ukipata, uje. Nyama sitaki, Harlan alinishibisha nyama ya maisha. Uje unisimulie. Alikuwa akirudi anasimulia saa nzima, kila jani, kila tawi, nami naosha vyombo sisikilizi."

Siku ya pili ya msimu, nilikuwa kwenye gari chini ya kambi nilipomwona shangazi akishuka kati ya miti, anateleza, anainuka, anapunga bunduki hewani. Nyuma yake baba mdogo Clair alikuwa amesimama juu ya kulungu jike, kofia mkononi.

"Dada, unakwenda wapi? Mnyama hajachunwa!"

"Mchune wewe. Mimi nimewachunia wa kwenu miaka yote."

Akaingia garini na damu mikononi. "Kule kwa Bi Lovina. Kanyaga."

Jikoni kwa mjane hakukaa. Alisimulia amesimama, akionyesha kwa mikono jinsi kulungu alivyotokea kwenye vichaka karibu na mwaloni wa kileleni, jinsi theluji ilivyodondoka tawini, jinsi yeye alivyongoja. Bi Lovina alikuwa na sahani mkononi na bomba la maji limefungwa.

"Ngoja," alimkatiza. "Ulikuwa chini ya mwaloni uliopigwa radi, au juu yake, kwenye yale mawe mawili?"

Shangazi akashusha mikono. "Unapajua?"

"Kwenye mawe, Harlan alikuwa akisema, upepo wa asubuhi unakutangaza kwa kulungu," Bi Lovina alisema, akavuta kiti. "Hebu anza tena. Usiruke kitu."