Mwalimu Aliyetutoa Uwanjani

Mwezi uliopita nilikwenda Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, kumwamkia mwalimu wangu wa michezo. Ameshastaafu. Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyumba yake ya matofali, goti moja limefungwa kitambaa, anachagua mchele. Nilipoinama kumpa shikamoo alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu. "Vidole hivi navijua," akasema. "Golikipa wangu." Rafiki yangu, nililia pale pale.

Kijiji chetu cha zamani, kabla hatujahamishwa kupisha mradi wa gesi, kilikuwa ufukweni. Kilinuka samaki wakavu na moshi wa makumbi. Sisi wasichana tukitoka shule tulingojwa na kazi: kuteka maji, kukuna nazi, kusugua masufuria kwa mchanga. Mpira ulikuwa wa wavulana. Ndipo akaja yeye, mwanamke mwenye suruali ndefu chini ya kapulana, kitambaa kama kanga alichojifunga kiunoni, na filimbi shingoni, akasema shule itakuwa na timu ya wasichana ya andebol, mpira wa kurusha kwa mikono.

Kufanya mazoezi, Bibi aliyenilea alivumilia. Kusafiri kwenda kucheza mbele za watu, alikataa. Mwalimu hakubishana naye. Alikuja nyumbani alasiri tatu mfululizo, akapokea mchi, akatwanga kisamvu huku wakizungumza habari za mashamba. Siku ya tatu Bibi alichoka kungoja.

"Mwalimu, sema lililokuleta."

"Namwomba mjukuu wako. Tunakwenda kucheza Mocímboa. Watavaa suruali ndefu na mitandio, nimeshona mwenyewe."

"Na kurudi?"

"Kabla ya Magharibi atakuwa mlangoni kwako."

"Akichelewa, hatoki tena," Bibi akasema.

Tulipanda lori asubuhi, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Uwanja ulikuwa karibu na bandari, na wanawake waliokuwa wakikaanga samaki waliacha makaango yao wakaja kututazama. Lakini mwamuzi alichelewa mno, na mechi ikaanza jua limeshapinda. Kipindi cha pili tulikuwa mbele kwa goli moja. Nilikuwa nimezuia mpira kwa uso, mdomo umevimba, na sijapata kufurahi vile. Mara Mwalimu akatazama jua, akapuliza filimbi yake, akaingia uwanjani.

"Tokeni. Tunaondoka."

"Mwalimu, bado kidogo tu," nahodha wetu akamwambia. "Tunashinda."

"Naona. Pandeni gari."

Ushindi wakapewa wenzetu wa Mocímboa. Njia nzima tulilia, na aliposema nasi tulimpa migongo. "Nimewaahidi mama zenu," alisema. Nami sitakuficha, wiki ile nilimchukia.

Bibi alikuwa mlangoni na kopo la maji ya udhu. Alitazama jua, akatazama mdomo wangu.

"Mmeshinda?"

"Tulikuwa tunashinda. Mwalimu katutoa ili tuwahi."

Bibi akaenda kutawadha. Asubuhi alinituma kwa Mwalimu na bakuli la mikate ya kumimina, imefunikwa kitambaa chake cha sikukuu. Na mwaka uliofuata kina mama waliwaleta binti zao wenyewe mpaka shuleni, wengine wakarudishwa kwa kuwa lori lilijaa.

Sasa uwanja wetu wa mazoezi uko ndani ya uzio wa mradi, na Bibi hayupo. Vita navyo vilitutawanya, kila mtu akakimbilia alikojua. Natamani kusikia tena wasichana wale wakiitana majina mchangani, miguu mitupu, jasho limelowesha mitandio, hakuna anayetaka kwenda nyumbani.

Mwalimu aliniuliza habari zao mmoja mmoja. Huyu yuko Pemba ya huku kwetu, ana watoto wanne. Huyu aliolewa Mtwara. Wawili sikujua waliko, nikasema sijui. Aliweka ungo chini. Halafu akaniomba nianze upya, taratibu, niwataje wote, na hao wawili nisiwaruke. Nikaanza na nahodha.