Jina Lililoitwa Juu ya Beseni

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la pili nilipoanza kuogopa maji yaliyotulia. Bahari sikuiogopa, ilikuwa karibu na kwetu Malindi, na sisi watoto tuliizoea kama ua wa nyumba. Kisima cha msikitini nacho sikukiogopa. Niliogopa maji yaliyomo ndani ya beseni. Mpaka leo nikikuta ndoo imejaa na haina mfuniko, naifunika kwanza ndipo nizungumze na mtu. Wenzangu kazini hunicheka, nami hucheka nao, lakini ndoo naifunika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu hospitalini, mtoto mkubwa wa mabega mapana, na mama akachanika, akashonwa. Mimi sikuelezwa hivyo. Nilichokiona ni mama yangu akirudi kwa teksi, ameketi kwa upande mmoja wa paja, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kuteremka kwake kulichukua muda hata dereva akazima gari. Alipofika chumbani hakukaa kitandani. Aliegemea ukuta, akapewa mtoto, akamnyonyesha amesimama.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mzazi wa mama. Baba alifanya kazi hotelini Watamu na alikuja siku za mapumziko tu, kwa hiyo amri ilikuwa ya Bibi. Chumba cha uani alikuwa amempangisha muuguzi kutoka bara, Sista Mueni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Bibi alimpenda kwa kuwa alifagia ua bila kuambiwa. Ndiye aliyeitwa amtazame mama. Alipotoka ndani alinawa mikono yake polepole, na Bibi akamsubiri.

"Kidonda kimeanza kuvimba," alisema. "Kikiachwa hivi nyuzi zitaachia, na tutamrudisha wodini akiwa na homa. Inafaa akalie maji ya vuguvugu, yenye chumvi kidogo. Asubuhi, jioni, na kila akitoka choo kikubwa."

"Mzazi hukandwa," Bibi akasema. "Hakalishwi majini. Hajatimiza arobaini, mwili wake ni mlango wazi."

"Lakini Bibi, ni maji na chumvi tu. Si bahari."

"Na bahari ni nini, mwanangu, kama si maji na chumvi?"

Nadhani Sista Mueni hakuwa amefundishwa jibu la swali hilo. Aliyejibu ni mama, kutoka pale ukutani: "Mama, niache nikae. Hata ikiwa ni bahari. Siwezi kusimama tena."

Bibi alikubali, lakini kwa sharti, na sharti hilo alinipa mimi jikoni, ameinama usawa wa uso wangu. Maji ya chumvi yakitulia ndani ya chombo, alisema, wale wa baharini husikia kupitia kwayo. Macho hawana, wana masikio. Wakilisikia jina la mzazi aliyeyakalia hulichukua, kisha humwita nalo kwa sauti ya mtu wake. Akiitika, basi.

"Basi nini, Bibi?"

"Basi."

"Na nikisema mama?"

"Hata mama. Wewe unao mama wangapi? Watajua ni nani."

Nataka kueleza sawasawa jinsi Sista alivyoyaandaa maji yale, kwa sababu mambo yalikuja kuharibika pale maelezo yake yalipoachwa, na kwa sababu mpaka leo wapo wanawake wanaotoka hospitalini wameambiwa tu wakalie maji, bila kuonyeshwa namna. Alichagua beseni pana la plastiki, jipya, akasema lisifuliwe nguo wala kuoshewa vyombo mpaka mama apone. Kila mara lilisuguliwa kwa sabuni, likasuuzwa, likaanikwa juani limeinamishwa. Maji yalichemshwa kwenye sufuria, yakaachwa yapoe, na Sista akayapima kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mtu anayepima maziwa ya mtoto. Mkono ukishtuka, bado ni moto. Chumvi ilikuwa ya jikoni, kijiko tu, na alikataza dawa yoyote ya kusafishia sakafu hata kama ina harufu nzuri. Beseni liliwekwa sakafuni kwenye pembe ya ukuta lisiteleze, na ukingo wake ukazungushiwa kanga iliyokunjwa ili usimkate mama mapajani. Kando palikuwa na kiti kizito cha kushikia wakati wa kuinuka. Maji yalifika makalioni tu. Mama alikaa magoti juu mpaka yalipoanza kupoa, kisha akajikausha kwa kitambaa safi kilichochemshwa na kuanikwa, kwa kugusagusa bila kusugua.

Mara ya kwanza alipokaa alifumba macho, na mabega yake yakashuka. Sikuwa nimetambua kwamba tangu arudi alikuwa ameyapandisha mpaka karibu na masikio. Mimi nilikuwa nimewekwa mlangoni kushika pazia, nikiyatazama yale maji. Yalikuwa meupe kidogo kwa chumvi, yametulia. Niliyaona kama sikio.

Siku kadhaa zilikwenda vizuri. Kisha ikaja siku ambayo Sista alikuwa amelala chumbani kwake baada ya zamu ya usiku, na Bibi akayaandaa maji peke yake.

Kwa Bibi, maji yasiyotoa moshi ni maji baridi, na baridi ndiyo adui wa mzazi. Alikuwa amevumilia vuguvugu la Sista kwa adabu, lakini moyoni aliamini binti yake anawekwa kwenye barafu. Alasiri ile alimimina maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, akaweka jiko la makaa chini ya kitanda kama alivyofanyiwa yeye alipozaa, akatia ubani kwenye chetezo, akafunga dirisha upepo usiingie. Mama hakuwa amekula kitu tangu uji wa asubuhi. Alivuta pumzi kwa meno alipokaa.

"Yachoma, mama."

"Ndiyo dawa hiyo. Ngoja nikuletee birika jingine."

Akatoka uani. Tukabaki mimi na mama, na mtoto amelala kitandani ndani ya chandarua.

Kwanza midomo yake ilipauka. Kisha jasho likamtoka juu ya mdomo, matone madogomadogo. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza swali, halafu macho yakapita juu ya kichwa changu, yakageuka. Kichwa kikateleza ukutani polepole, kuelekea upande wa jiko la makaa.

Neno "mama" lilikuwa tayari mdomoni. Nililibana kwa meno hata nikaonja damu. Nilikimbia nikapenyeza bega langu chini ya kwapa lake, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote, naye alikuwa mzito na mlegevu, na ngozi yake, katika joto lile lote, ilikuwa baridi. Nilidhani tayari wamemchukua. Nilidhani ninachokishika ni kile walichoacha. Kwa mkono uliobaki nikaokota kopo la kuchotea maji, nikaligonga sakafuni, nikagonga, nikagonga, meno yamebana.

Bibi aliingia na birika. Sikuliona likianguka, nililisikia tu.

"Mwanasiti!"

Lilikuwa jina la mama, jina lake kamili, alilopewa siku ya saba. Bibi alilipaza kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Mwanasiti! Mwanasiti wee! Niitikie mwanangu, Mwanasiti!"

Alikuwa amepiga magoti ndani ya maji yaliyomwagika, amemshika mama mashavuni, analiita lile jina juu ya beseni, tena na tena, na mimi niliyatazama maji yale yakitikisika nikaona kila mara yanalimeza.

Sista Mueni aliingia amejifunga kanga moja, nywele hazijasukwa. "Mlazeni chini! Chini kabisa! Amina, fungua dirisha," akaniambia. "Bibi, miguu juu, inua miguu juu!" Alivuta jiko la makaa kutoka chini ya kitanda kwa mguu, akalitoa nje. Aliporudi alitia kidole kwenye beseni, akakitoa upesi. "Nani alitia maji haya? Haya ni ya kusonga ugali!"

Upepo ukaingia. Mama akafumbua macho, akatuona sote tumemwinamia.

"Mbona mwapiga kelele?" akasema. "Mtamwamsha mtoto."

Sista alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama Bibi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe, na macho yake yalikuwa yamekazwa kwenye beseni. Nilijua analifikiria lile jina. Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa, na ile ndiyo hofu iliyoniingia, kubwa kuliko ya maji.

Alilibeba beseni mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikamsikia akiyaambia maji, kwa ukali, kama anayemfukuza mchuuzi: "Si wa hapa. Niliita mtu wa Lamu." Akayamwaga.

Aliporudi ndani alitangaza kwamba tangu saa ile mama ana jina jingine mpaka arobaini itimie. Lisiwe jina la mtu, asije mwingine akaitikia kwa ajili yake. Akatazama rafuni, akasema, "Karafuu."

"Karafuu?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Karafuu. Na wewe nyamaza, huna nguvu za kubishana."

Sista alijaribu kueleza kwamba mama alizirai kwa joto, kwa njaa, na kwa damu aliyopoteza alipojifungua. Kwamba maji ya moto huteremsha damu mwilini na kichwa kikabaki bila kitu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Na jina?"

"Kwenye kadi ya kliniki niandike Karafuu?"

"Andika lile la kwanza. Karatasi haina masikio."

Jirani yetu Mama Saumu alilichukulia jambo lile kuwa zawadi aliyoletewa. Kila asubuhi alipitisha kichwa mlangoni: "Karafuu hajambo? Na Iliki je, ameamkaje?" Iliki nilikuwa mimi. Baba alipokuja kutoka Watamu na kukuta mkewe ni kiungo cha pilau, alikaa uani akacheka hata akajifuta machozi, lakini nilitambua kwamba na yeye alimwita Karafuu.

Bibi alitaka maji yale yakomeshwe. Mama alikataa, kwa upole na bila kugeuka. Alisema ni ndani ya maji tu ndipo kidonda kinanyamaza. Basi yakaendelea, kwa namna ya Sista: dirisha wazi, makaa nje, kwanza ale na anywe, maji yapimwe kwa kifundo cha mkono, asiachwe peke yake hata kidogo, na akiinuka ainuke polepole, atulie kitini kabla ya kusimama. Bibi ndiye aliyekaa naye. Alimshika mkono, kidole gumba juu ya mshipa, na hakusema neno mpaka mama alipotoka. Mimi niliendelea kushika pazia. Usiku nililala nimemwelekea mama, nikisikiliza asije akaitika mtu.

Uvimbe ulishuka. Nyuzi zikayeyuka zenyewe. Siku moja nikitoka shuleni nilimkuta mama ameketi kitandani, ameketi sawasawa, ananyonyesha huku anakula embe kwa mkono mwingine, na kwa mtu yeyote mwingine ule ungekuwa mwisho wa hadithi. Kwa Bibi na mimi haukuwa. Jina lilikuwa bado liko huko.

Arobaini ilipotimia nyumba ilisafishwa, mtoto akatolewa nje, wanawake wakala, wakaondoka. Sista alikuwa anaanua nguo. Bibi akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha mama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona anashika fremu ya mlango.

"Mwanasiti," akaita, kwa sauti ya kawaida ya mchana.

Kimya. Sista aliacha nguo kwenye kamba. Niliona kanga ya Bibi inatikisika chini, na hapakuwa na upepo.

"Mwanasiti."

"Labeka, mama," mama akajibu kutoka ndani. Mdomo ulikuwa na pini. Alikuwa anamfunga mtoto nepi. Baadaye alisema mara ya kwanza hakujua anaitwa yeye, alikuwa amezoea Karafuu.

Bibi hakuingia. Aliketi palepale kizingitini, akainyoosha miguu yake kwa mikono, mmoja mmoja, kama si yake.

Nimesoma mengi tangu hapo. Najua kinachotokea kwenye mishipa ya mzazi aliyekaa kwenye maji ya moto katika chumba kilichofungwa, na ningeweza kuchora mchoro wake. Najua pia kwamba Bibi ndiye aliyeyazidisha maji yale, kwa mapenzi, na sijawahi kumlaumu. Ninachorudia kukitafakari ni ile mara ya kwanza alipopaza jina. Mimi niliamini habari ya masikio ya bahari kwa sababu niliambiwa. Nikanyamaza, nikagonga kopo. Yeye aliiamini zaidi yangu. Aliamini kwamba jina lile lingemwondoa mwanawe, na alipomwona anakwenda akaliita hata hivyo, kwa nguvu zote, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumshikia.

Watu huniuliza kama Bibi aliamini kweli mambo yale. Mimi nilikuwa nyuma yake pale mlangoni. Niliona alivyotetemeka.