Hamira Kwenye Kibuyu cha Kogo

Kuna kanisa moja kule Ainabkoi ambalo nikipita nje yake huvuta kofia hadi puani, na watoto wakiniona bado hufanya "puu" kwa midomo, kwa hivyo kabla mtu mwingine hajawasimulia vibaya, acheni niseme mwenyewe.

Nyanya yangu, tunamwita Kogo, alinitengenezea kibuyu cha mursik, maziwa lala ya kwetu. Alikipanda mwenyewe, akakikausha, akashona kifuniko cha ngozi chenye shanga, akanipa siku niliyohamia Huruma, mtaa wa mji wa karibu, na kunionya kwamba kikikaa kikavu kitapasuka. Mimi niliacha shule mapema, nimefanya kila kazi isipokuwa ya kudumu, na chumba changu hakina ng'ombe, kwa hivyo kibuyu kikawa cha kuwekea vijiko. (Na mswaki. Sitaki kuficha kitu.)

Jumamosi moja Kogo akapiga simu. "Faith anakitaka," akasema (huyo ni binamu yangu, yuko benki Nairobi), "ati akiweke kando ya TV. Kesho kilete kanisani nikione. Nikikuta hakina maziwa, kinaenda Nairobi."

Hapo roho iliniuma, kwa sababu katika ukoo mzima hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kupewa mimi kwanza. Sasa, mursik huchukua siku nyingi na mimi nilikuwa na usiku mmoja. Lakini niliwahi kukaanga mandazi kwenye kibanda fulani, nikaona unga unavyoumuka, nikajiuliza (shida zangu zote huanza kwa kujiuliza), kama hamira inaharakisha unga, mbona isiharakishe maziwa? Nikamimina maziwa ya dukani, nikatia hamira, nikaongeza sukari ili isichoke njiani, nikafunga kifuniko kabisa kwa kamba ya kiatu.

Nilifika ibada imeshaanza, nikaingia kimya na kibuyu kifuani, na mama mmoja wa kupokea watu mlangoni akakitwaa kwa tabasamu, akakipeleka mbele kwenye meza ya matoleo, katikati ya kabeji, mayai na jogoo aliyefungwa miguu. Ningesema sio sadaka. Lakini kanisa lote lilikuwa limegeuka, na Kogo, ambaye huniombea kama mgonjwa, alikuwa anatabasamu. Nikakaa.

Matoleo kama hayo kwetu hupigwa mnada kabla ya baraka ya mwisho, na mpiga mnada alikuwa Mzee Kimutai, mtu wa suti nyeupe na maneno mengi.

"Hii ni kazi ya mikono ya Mama Tabitha," akasema, akimwonyesha Kogo kwa kidole. "Na sio tupu. Sikieni wenyewe." Akakitikisa.

Nikasimama. "Mzee, tafadhali usitikise."

"Kijana, ukitaka kununua inua mkono. Usinifundishe kazi."

Watu wakacheka, naye ili kunikomesha akakitikisa tena karibu na maikrofoni, na kwenye spika tukasikia kitu kinakoroma.

Kifuniko kikaondoka. Kilipaa juu ya kwaya, kikagonga kinanda kikatoa sauti moja ndefu, na maziwa yenye povu yakamwogesha Mzee Kimutai kuanzia ndevu hadi viatu. Jogoo akakata kamba, akapanda mimbari, na mchungaji akasema "Amina" ingawa hakuna aliyekuwa anaomba.

Kogo akaenda mbele polepole, akapangusa tone kwenye koti la Mzee kwa kidole, akaonja.

"Nani amepika mandazi ndani ya kibuyu changu?"

Hakuna aliyenitaja. Walinigeukia tu.

"Mnada unaendelea," akasema Mzee Kimutai, akichuruzika maziwa. "Nani anakitaka?"

Hakuna aliyeinua mkono isipokuwa Kogo. "Natoa kuku wangu wa mayai," akasema. "Na huyu atafua hiyo suti."

Nje nilimuuliza kama sasa kinaenda Nairobi.

"Faith hangekitia hata maji," akasema. "Wewe angalau ulitia kitu." Nikaanza kutabasamu. "Lakini kinakaa kwangu."

Kwa hivyo siku hizi nikitaka mursik naenda Ainabkoi, nakaa kwenye kigoda, nasugua kibuyu kwa ndani na makaa ya mti wa senetwet, yale yanayoupa mursik ladha, huku Kogo ananitazama, na kifuniko siruhusiwi kukigusa. Hamira nimeapa itabaki kwa mandazi. Ila ile habari ya mswaki bado hajaisikia, na mkimpenda huyu kijana wenu, iacheni hapa hapa.